Cheti cha Afya cha Marehemu

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjane wa muuza nyama alikuwa amepiga magoti akisugua vigae vya bucha kwa maji ya moto na sabuni, maana kanuni ya tatu iliyobandikwa ukutani ilisema sakafu isafishwe kabla ya nyama kuingia. Mume wake, aliyezikwa miezi miwili nyuma, aliingia kwa mlango wa uani, akavua kandambili, akavaa mabuti yake ya mpira, la kushoto kwanza.

"Kisu kirefu kiko wapi?" akauliza.

"Pale pale ulipokiacha. Pita pembeni, sakafu bado mbichi."

Akapita pembeni. Wapagazi walipotundika nusu ya ng'ombe kwenye kulabu, alifanya kama siku zote: akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, akanusa, akaangalia damu kwenye mfupa. Damu ikiwa nyeusi na haijaganda, yeye hulaza kisu juu ya gogo, makali yakielekea ukutani, na hapo hata aje nani hakati. Siku hiyo alikata.

Wateja wakamkuta kazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Paja au mbavu?"

"Kwani huko ulikokwenda, shemeji, hakuna nyama?" akauliza fundi cherehani wa jirani, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

"Ipo. Ila kila mtu anajidai anajua kukata."

Foleni ikacheka, ikasogea. Mjane hakucheka. Alikuwa anaangalia kisogo cha mumewe, pale shati lilipoachana na nywele. Nyumbani mume hakuja. Alikuja bucha tu, nyama ilipoletwa, na kulabu ya mwisho ikibaki tupu, alitoka kwa mlango wa uani bila kuaga. Basi mjane akaanza kujikokota makusudi. Alipima mara mbili mbili, akakunja karatasi kama anayetarizi, na kila siku akaficha kipande cha shingo nyuma ya mizani, akakitoa mwisho kabisa, ili mume akawie kidogo.

Ni yeye aliyemharakisha mumewe alipokuwa hai, na hilo halikumtoka moyoni. Siku ile wateja walijaa hadi barabarani, akamwambia, "Baba watoto, kata bwana, watu wanasubiri," na mume akakata bila kubonyeza. Nyama ilikuwa na muhuri wa zambarau wa mkaguzi pajani, umekolea vizuri kabisa. Ng'ombe alikuwa na kimeta. Mkwaruzo mdogo kidoleni kwa mume ukavimba, ukawa mweusi kama kaa, na siku ya tano wakamzika.

Sasa alibonyeza kila kipande. Ndani ya wiki mbili alilaza kisu mara nne, na mara nne mjane akarudisha nyama machinjioni. Machinjio yalikuwa ng'ambo ya barabara, na mkaguzi aligonga muhuri akiwa amekaa kwenye kiti getini, chai mkono wa kushoto. Mara ya nne akavuka.

"Mama, nyama yenye muhuri haina kasoro. Nani anairudisha?"

"Mume wangu."

Mkaguzi akamtazama marehemu, akafunua kitabu chake.

"Mzee, kila anayegusa nyama awe na cheti cha afya. Chako kimekwisha muda tangu mwezi uliopita."

"Alikuwa kaburini," mke akasema.

"Pole sana. Lakini sheria ni msumeno, mama."

"Mbona msumeno wenyewe unakata upande wangu tu?"

Wakaenda zahanati, wawili. Marehemu hakuwa na homa, kikohozi wala minyoo. Ila palipoandikwa mapigo ya moyo, muuguzi alimshika mkono dakika tatu nzima, kisha akaweka kalamu chini.

"Baba, hapa siwezi kuacha wazi."

"Andika sifuri."

"Sifuri hawaipokei."

Njiani mjane alimwonea wivu yule muuguzi kwa dakika zake tatu. Kisha akauliza alichokuwa anaogopa kuuliza.

"Usipogusa nyama, utakuja?"

"Nije kufanya nini?" akasema mume. Hakusema kwa ubaya. Maisha yake yote hakujua kukaa bure.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kusugua, mjane alisoma kanuni zote ukutani, kidole kikifuata herufi. Kanuni ya kumi na moja ilisema mteja asivuke kaunta. Nani anaweza kuwa mteja, haikusema. Akamsubiri mume mlango wa uani.

"Leo zunguka mbele. Panga foleni."

"Mimi? Nikanunue nyama?"

"Ukanielekeze."

Akazunguka. Alisimama nyuma ya fundi cherehani na mbele ya mwalimu mstaafu mwenye kikapu. Mkaguzi akaja, akasoma kitabu chake toka jalada hadi jalada, akasema, "Mteja ni mteja," akarudi kwenye kiti chake.

Nyama ikatundikwa.

"Bonyeza," mume akasema kutoka foleni. "Chini kidogo. Nusa. Haya, laza kisu."

Mjane akalaza kisu. Wapagazi wakairudisha ng'ambo. Mkaguzi aliona muhuri umefifia kidogo, akagonga mwingine, na nyama ikapelekwa bucha ya pili, kona ya barabara. Hadi saa tatu ilikuwa imenunuliwa yote.

Waliyoletewa badala yake ilikuwa safi, na mjane akaikata mwenyewe.

"Unakata au unapasua kuni?" mume akauliza.

"Shemeji, ya ndoani yamalizieni nyumbani," fundi cherehani akasema, akachukua mbavu zake, akaenda.

Zamu ya marehemu ikafika. Akaomba nusu kilo ya paja. Mjane aliipima mara tatu, akaifunga, akaipitisha juu ya kaunta. Mume akaipokea, na vidole vyao vikakutana chini ya karatasi. Vyake vilikuwa baridi kama kulabu za alfajiri. Mjane hakuachia. Nyuma, mwalimu mstaafu alihamishia kikapu mkono wa pili.

"Mama watoto," mume akasema taratibu, "karatasi itachanika."

"Zipo nyingine."