Maelezo ya Ngoma ya Jembe

Mwaka jana kikundi chetu cha ngoma ya jembe kutoka Mugeta, tunaocheza na majembe mkononi kama tunalima, kilitolewa mapema kwenye tamasha la Musoma, na nikikumbuka damu bado inanichemka. Kila kikundi hupeleka maelezo mafupi ya Kiingereza, yasomwe kabla ya kucheza, maana wageni ni wengi. Binamu yangu Gody aliandika kwamba sisi tunalima "at full speed", yaani kasi ya mwisho tangu jembe la kwanza. Tukaingia taratibu, kama tunavyoingia kwenye shamba la pamba, ili mstari ulingane na wazee wasiachwe nyuma. Majaji wakadhani tumechoka.

Mwaka huu baba mkubwa Machibya, mpiga ngoma na kiongozi wetu, alisema tukitolewa tena anaacha ngoma moja kwa moja. Nikaichukua kazi ya kuandika mwenyewe: "They start slowly, then pick up the pace." Wanaanza taratibu, kisha wanashika kasi.

Gody alicheka. "Adventina, hiyo imepoa. Jaji anataka kitu kizito, bwana!"

"Jaji anataka kitu cha kweli," nikamjibu. "Wewe nenda kafunge njuga."

Siku yenyewe mshereheshaji alisoma sentensi yangu. Baba mkubwa akapiga pigo moja, akatulia. Majembe yakapanda polepole, yakashuka pamoja. Safari hii hakuna aliyeguna. Watu walikaa wanangoja. Mapigo yakaanza kufuatana, njuga zikaitikia, majembe yakarushwa juu na kudakwa, na jaji mmoja akajikuta amesimama, kalamu imemponyoka. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Tukatangazwa wa kwanza. Wa kwanza, jamani! Gody alinibeba mgongoni kuzunguka uwanja, hana hata aibu, akiwaambia watu kwamba maelezo yale yameandikwa na familia yake.

Tulipokaa kula samaki pale mtaa wa Mukendo, baba mkubwa, ambaye hana hata Kiingereza cha kuombea maji, alinishika mkono.

"Mwanangu, hebu nisomee ulichowaandikia."

Nikamsomea, kisha nikamweleza kwa Kiswahili. Aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Eeh," alisema. "Ndivyo tunalimaga."