Bibi Halipwi

Siku hizi watu wakisimulia habari za mwaka wa ndui, husema wauguzi walikuwa mashujaa. Ni kweli, na mmoja wao nilimzaa mimi. Lakini hakuna anayeuliza watoto wa mashujaa hao walikuwa wakinywa uji wa nani. Basi nitasema mimi, Paskazia, maana nilikuwepo.

Vita ya Hitla ilikuwa haijaisha, na mkwe wangu Herman alikuwa askari huko Burma. Nilikuwa nyumbani kwangu Ushirombo, karanga zangu ndiyo kwanza zinachipua, ikaja habari kutoka kwa binti yangu Philomena. Yeye alifundishwa uuguzi na masista, akapata kazi katika hospitali ya mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Geita. Mgodi wenyewe leo umebaki mashimo na vichaka. Ndui ilikuwa imeingia kambini. Walizungusha uzio wa miiba nyuma ya hospitali, wakajenga vibanda, na yeyote aliyewahudumia wagonjwa alitakiwa alale humo humo. Madresa, wale wasaidizi wa daktari wanaofunga vidonda, wote walikuwa wanaume. Wanawake wakitoka vipele walijificha majumbani, heri wafe kuliko kuvuliwa nguo na dresa. Philomena ndiye aliyekuwa mwanamke pekee aliyeijua kazi, naye alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Anisia. Watoto wa kambini walikuwa wamekatazwa kuvuka kizuizi cha barabarani, kwa hiyo hakuweza hata kuniletea.

"Mama, njoo," aliniagizia. "Usipokuja, naacha kazi."

Nikaenda. Walinichanja, mkono ukavimba, na jioni ile ile Anisia alikuwa mgongoni kwangu. Jirani yangu alikuwa Mwanaima, mama wa watu wa Ujiji. Mwanawe alikuwa mgane, akiwapikia wagonjwa ndani ya uzio, na Mwanaima alimlea mjukuu wake Bilali. Tukawa tunapokezana kinu na maneno.

Mgodi ulikuwa umetangaza kwamba anayelea mtoto wa mtu aliye ndani ya uzio atapewa shilingi nane kwa mwezi. Nilifurahi, sifichi. Kwa pesa hizo ningewalipa vijana wanipalilie shamba. Bila palizi majani yangezimeza karanga, na mwaka unaofuata ningekula nini, sifa?

Mwezi ulipotimia tukaenda kwa karani. Aliitwa Clemens, kijana wa Shinyanga, kaptula imenyooshwa pasi mpaka inakata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Unamlea mtoto wa nani?"

"Wa binti yangu, Philomena."

Kalamu ikasimama. "Ah, bibi, kumbe wewe ni jamaa. Pesa hizi ni za yaya wa kuajiriwa. Bibi halipwi. Bibi analea kwa mapenzi."

"Mapenzi yanapalilia karanga?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Ninaye Ngassa, mtoto wa kaka yangu. Nimemlisha kwa mikono hii. Akija na wenzake kulima shambani kwangu kwa ngoma, mbuzi nachinja. Hajawahi kuniambia, shangazi, leo nimelima kwa mapenzi. Anamla mbuzi mpaka mifupa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hanipendi. Jembe la ndugu lina malipo, mgongo wa bibi hauna?"

Clemens akatazama mlangoni, akapunguza sauti. Hakuwa mtu mbaya, na watu wa namna hiyo ndio wanaochosha kugombana nao.

"Bibi, nikusaidie. Sema mtoto huyu si wenu. Sema mama yake mmejuana hapa hapa kambini. Nakulipa sasa hivi."

Akaziweka shilingi mezani. Anisia alikuwa mgongoni akinivuta sikio.

"Petro Mtakatifu alimkana Bwana kwa kuwaogopa askari," nikasema. "Mimi nimkane mtoto kwa kumwogopa nani, wewe? Zirudishe pesa zako kwenye sanduku."

"Na mimi sisemi," alisema Mwanaima nyuma yangu. "Bilali ni mjukuu wangu kwa Mungu na kwa watu."

Tukatoka mikono mitupu.

Jioni nikaenda kwenye uzio. Philomena alisimama ndani, mbali kidogo kama walivyoagizwa, macho yameingia ndani kwa kukosa usingizi. Nikamweleza.

"Mama, si ungesema tu? Ni neno."

"Kwako ni neno. Hakuna aliyekuambia wewe useme hukumzaa." Kisha nikamwambia na lile lililokuwa linanikaba. "Ngassa ameleta salamu. Majani yamefika magotini. Nisipolipwa, itabidi nirudi nikapalilie mwenyewe."

"Na Anisia nimweke wapi?" Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Humu ndani nina Febronia, mke wa mchimbaji, ana mimba ya miezi saba na ndui imemjaa mpaka kooni. Hakubali kuguswa na mwingine. Mimi nikitoka leo, yeye atatoroka kesho, na wanawake wenzake nyuma yake. Mama, watakufa."

Nilikasirika. Si kwa mwanangu. Nilikuwa nimeelewa kwamba watu wa ofisini walijua sitaondoka. Walikuwa wameupima upendo wangu, wakaona unatosha kufanyishwa kazi bure.

"Rudi kwa mgonjwa wako," nikamwambia. "Ugomvi huu niachie mimi."

Kesho yake mimi na Mwanaima tuliwaogesha watoto, tukawapaka mafuta, tukawashibisha uji. Tukaingia ofisini bila kupiga hodi. Nikamketisha Anisia juu ya meza, kando ya kidau cha wino, na Mwanaima akamweka Bilali sakafuni.

"Hawa hapa," nikasema. "Mchana watakula uji tena. Bilali usimpe wa moto. Anisia hapendi kulazwa chali."

Clemens akasimama. "Bibi, mimi nitawafanya nini hawa?"

"Utawalea. Wewe si jamaa yao. Utalipwa."

Tukatoka, tukaketi ukutani nje. Haukupita muda Anisia akaanza kulia, kilio kile cha kuniita mimi. Nisikudanganye, moyo ulinikatika. Nikataka kuinuka, Mwanaima akanishika mkono akaukandamiza chini. "Kaa," akasema. "Hata mimi wangu analia." Tukasikia kidau kinaanguka. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuchota maji wakatua ndoo zao, wakaketi pamoja nasi kuangalia sinema.

Akaja Bwana Mkubwa mwenyewe, mzungu mwenye mgodi, uso mwekundu. Akachungulia ndani. Karani wake alikuwa amembeba Anisia, wote wawili wametapakaa wino, na Bilali alikuwa amejisaidia chini ya meza.

"Nini hii?" akauliza.

Nikasimama. "Bwana, mmesema anayelipwa kwa kulea watoto hawa ni mtu asiye jamaa. Tumewatafutia. Huyu karani wako si jamaa, na wewe si jamaa. Yeye ameshaanza na mmoja, na mwingine yule pale chini."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzungu hakucheka.

"Mimi nafukuza binti yako," akasema.

Nikamsogelea. "Mfukuze. Kisha uingie wewe ndani ya uzio umwoshe Febronia vidonda. Maana binti yangu akitoka, hakuna mwanamke wa kambi hii atakayewaonyesha tena kipele chake. Watalala nacho nyumbani, na wachimbaji wako watalala nao."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mmoja wa wale wachota maji akasema polepole, "Ni kweli, Bwana. Mimi sitakwenda." Na wa pili akasema vivyo hivyo.

Bwana Mkubwa akautazama uzio. Akayatazama mashimo yake, nusu yake yamelala bila watu. Bilali alikuwa ametambaa mpaka mlangoni, ameshika soksi ya mzungu.

"Lipa wao," akamwambia Clemens, akaichomoa soksi yake taratibu, akaenda zake.

Clemens akanirudishia mtoto. Akahesabu shilingi nane, akaninyooshea. Nikakunja ngumi.

"Chukua, bibi."

"Bibi wa nani?"

"Bibi, tafadhali. Si imekwisha?"

"Jana ulitaka niseme mimi. Leo sema wewe. Unamlipa nani?"

Akamtazama Anisia, aliyekuwa amelowa wino mpaka masikioni. Akawatazama wanawake mlangoni.

"Namlipa bibi yake Anisia," akasema.

"Na huyu?"

"Namlipa bibi yake Bilali."

Nikafungua mkono.

Pesa zile zilikwenda Ushirombo wiki hiyo hiyo. Ngassa na wenzake wakapalilia karanga za shangazi yake kwa ngoma, akalipwa, na mpaka leo ananipenda.