Baba Alivyogeuka Wingu

Jana usiku usingizi ulinipitia nikiwa bado na kitenge kiunoni, na ndotoni nikamwona baba yangu akipungua uzito.

Kwanza niseme hali ya nyumbani. Tangu tumzike mama, baba hatoki sebuleni. Madirisha ameyafunga. Ukimuuliza kitu anajibu "mm". Kaka yangu Nsajigwa anataka tumhamishie kwake Mbeya, na mimi nimekuja hapa Tukuyu kumwangalia kwanza.

Ndotoni ni mchana. Jua linachoma bati, hewa ya sebuleni inapata joto, na baba aliyekaa ndani yake siku zote hizo anapata joto pamoja nayo. Taratibu anaachana na kiti.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Juu," anasema. "Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi. Inapanda."

Hajaniambia maneno mengi hivyo tangu mazishi, kwa hiyo simbishii. Anapita kwenye dari bila kuitoboa.

Nataka kumfuata, nashika kitasa.

"Kaa pembeni," mlango unaniambia. "Humu ndani pamekuwa pepesi, nje bado pazito. Watu wanakuja."

"Nani anawavuta?"

"Hakuna anayevuta. Hewa haijui kuvuta. Inajua kusukuma tu."

Mlango unafunguka wenyewe kwa kishindo. Wa kwanza kuingia ni Mama Tumpale, jirani wa nyumba ya pili, ameshika mwiko wenye ugali.

"Samahani, mwanangu. Nilikuwa nasonga, nikasukumwa."

"Na nani?"

"Na walio nyuma yangu."

Nyuma yake wanakuja wengine, wale wote walioacha kumtembelea baba baada ya matanga wakidhani anataka kuachwa peke yake. Wanaingia kwa kasi, khanga zinapepea, na kila mmoja anapinda kushoto na kugonga kabati.

"Kwa nini hamnyooki?"

"Dunia inazunguka chini ya miguu yetu," Mama Tumpale anasema, anasugua kiwiko. "Upande wetu huu upepo unapinda kushoto. Wa kaskazini wanapinda kulia, nao wana makabati yao."

Naona ni haki. Nataka kuwakaribisha viti, lakini sebule haipo tena. Niko juu ya Mlima Rungwe, tena juu kuliko kilele, nimekanyaga hewa. Kuna baridi. Baba yuko mbele yangu, simwoni vizuri. Mkono wake mmoja umefika Kyela.

"Baba, mbona umekuwa mkubwa hivyo?"

"Huku juu hakuna wa kunibana," anasema. "Napanuka. Na kadiri ninavyopanuka, ndivyo ninavyopoa."

"Unaumwa?"

"Nimejaa maji, Bupe. Ila hayatoki. Tone haliwezi kuanza bila kitu cha kushika."

Natafuta mifukoni. Sina kitu. Kando ya sikio langu chembe ya vumbi inakohoa.

"Anaweza kunishika mimi."

"Wewe ni nani?"

"Udongo wa kaburi la mkewe. Majirani walipokuwa wanakimbilia kwenu, upepo wao uliniinua."

Baba anaitazama.

"Nikikushika nitakuwa mzito."

"Ndiyo."

"Nitaanguka."

"Utashuka," chembe inamsahihisha.

Anaishika. Weupe unaanzia vidoleni, unapanda mikononi, mpaka namwona mzima: wingu lenye mabega ya baba yangu. Kisha weupe unakuwa kijivu, kijivu kinakuwa cheusi, naye anaanza kwenda chini kwa kasi, ananipita, na mimi namwita.

Niliamka kumekucha. Hakukuwa na mvua, ua ulikuwa mkavu. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, kidole kimoja sikioni.

"Bupe, masikio yangu yameziba," alisema. "Kama siku ile tulipoteremka mlima wa Kitonga kwa basi."

Nilimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Ulitoka, baba?"

"Nitoke niende wapi? Nimelala tu."

"Meza mate."

Akameza. Akameza tena, akatikisa kichwa.

"Yamezibuka."

Hakuondoka. Alikuja akakaa kitandani kwangu, chaga zikalia.

"Siku mama yako alipozidiwa nilikwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali," alisema. "Narudi, mmeshamfunika. Sijawahi kukuuliza. Alisema nini?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa muda mrefu.

"Alisema, 'Mwambieni asikimbie. Magoti yake anayajua mwenyewe.'"

Baba alicheka kidogo. Akayashika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza, ndipo akalia.