Karatasi Mbili za Buluu

Eliakim alipiga kura yake mapema, siku ya Jumatano, akarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Mpaka Jumapili mchana hakujua kwamba kura ile ilikuwa maiti.

Ilikuwa hivi. Mwaka huo rafiki zake wawili walikuwa wanagombea baraza la mkoa wa Stockholm, kila mmoja kwa chama chake, na vyama vyenyewe havipikiki chungu kimoja. Wa kwanza alikuwa Obiero, fundi wa treni, mtu wa Kisumu. Eliakim alipofika Sweden na begi moja, Obiero alimlaza kwenye kochi lake kule Rågsved miezi minane na hakumuuliza hata siku moja ataondoka lini. Wa pili alikuwa Brigitha, muuguzi, Mtanzania mwenzake na jirani yake hapa Jakobsberg. Brigitha alikuwa anataka kituo cha afya cha mtaa wao kirudishiwe saa za jioni. Jambo hilo Eliakim alilijua kwa uchungu. Yeye ni dereva wa basi, mkewe Asteria anafanya usafi hotelini, na wakitoka kazini wanakuta mlango wa kituo umefungwa. Mwaka uliopita mguu wa Asteria ulivimba wiki tatu kabla hajapata wa kuutazama.

Obiero alimwomba kura kwa simu. Brigitha alimwomba kwenye matanga, mbele za watu. Wote wawili aliwajibu neno lilelile, kwamba hiyo wameshapata, waombe nyingine. Angesema nini? Alikokulia, Sengerema, mtu hamkatalii mwenzake usoni. Siku za kampeni watu walivaa fulana ya chama hiki na kofia ya chama kile, wakala wali wa kila mgombea, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi Jumatano ile alikwenda maktaba, ambako watu walikuwa wakipiga kura za mapema. Yeye si raia, bado anatembea na pasi ya Tanzania, kwa hiyo karatasi ya njano ya bunge haimhusu. Zake ni mbili tu, nyeupe ya manispaa na buluu ya mkoa. Kule kila chama kina karatasi zake zimepangwa nyuma ya kizuizi, unachukua unayoitaka. Eliakim alichukua ya buluu ya chama cha Obiero, akachukua na ya buluu ya chama cha Brigitha. Akatia alama kwenye jina la Obiero, akatia na kwenye jina la Brigitha, kisha akazisukuma zote mbili ndani ya bahasha moja. Hakuwa anafanya mzaha. Wakichagua kamati katika kanisa lao la Kiswahili, kila muumini anaandika majina mawili, na yote mawili yanahesabiwa. Alidhani na mkoa nao ni hivyohivyo.

Jumapili, wametoka ibadani na wanakula, akamsimulia Asteria jinsi alivyowatimizia watu wote wawili. Alisimulia kwa majivuno kidogo. Asteria akaacha kula.

"Baba Natalie, bahasha moja?"

"Moja. Kwani zilikuwa ngapi za buluu?"

Asteria alikuwa amesoma maelezo yote yaliyokuja kwa posta, mume wake hakuwa amesoma hata mstari. Akamweleza taratibu kwamba vyama viwili vikikutana katika bahasha moja, kura imeharibika. Hakuna anayepata nusu. "Obiero umempa hewa, Brigitha umempa hewa," akasema. "Haki umetenda, maana wamelingana."

Lakini dawa ilikuwepo. Aliyepiga mapema anaruhusiwa kujuta: anakwenda mwenyewe kituoni kwake siku ya uchaguzi, anapiga upya, na ile ya kwanza inafutwa. Ila safari hii karatasi ya buluu ni moja.

Eliakim akasema basi, yaishe, nani atajua. Mkewe akaisukuma sahani pembeni.

"Miaka kumi na minane unakatwa kodi hapa, na hii ndiyo kura kubwa kuliko zote unazoruhusiwa. Kuitupa, itupe. Lakini usije ukaniuliza tena mguu wangu unaendeleaje."

Eliakim akavaa koti, akatoka.

Njiani akajipa moyo kwamba kura ni siri. Angeingia, angechagua, angefunga mdomo. Alipofika kwenye shule ya kupigia kura, moyo huo ukamtoka. Kushoto kwa mlango alisimama Obiero na karatasi za chama chake, kulia Brigitha na za kwake, na katikati njia ilikuwa ya mtu mmoja.

"Omera, ndugu yangu!" Obiero akaita. "Wewe si ulisema ulipiga Jumatano? Umekuja kunipigia mara ya pili?"

Brigitha akacheka, akasema kaka Eli ni wake, Mkenya aache kuvua kwenye bwawa la watu.

Eliakim angeweza kucheka nao akapita. Akasimama. Akawaambia yote, ahadi mbili, karatasi mbili, bahasha moja. Walicheka mpaka Brigitha akafuta macho. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu wote watatu walifika mahali pamoja: sasa anaingia kumpa nani?

"Usinitazame mimi, kaka," Brigitha akasema kwa sauti ya chini, akageuka kumpa karatasi mama mmoja aliyekuwa anapita.

Eliakim akamgeukia Obiero. "Kochi lako sijalisahau, na nikifa watoto wangu watalijua. Lakini leo nampa Brigitha. Nataka kile kituo kifunguliwe jioni. Wewe hujawahi kunitajia kituo."

Obiero akazipanga upya karatasi zilizokuwa zimepangika.

"Hata sikuwahi kulitaja hilo kochi," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usoni."

Eliakim akaingia, akaonyesha kitambulisho, akapiga zote mbili upya, nyeupe na buluu, kila moja katika bahasha yake. Safari hii mkono ulikuwa mzito.

Alipotoka, mvua ilikuwa imeanza. Brigitha alikuwa amejibanza chini ya paa la upande wake. Upande wa Obiero haukuwa na paa. Alikuwa ameinama juu ya karatasi zake, mwamvuli mkononi unapinduliwa na upepo, na karatasi za juu zimeshalowa.

Eliakim akaushika ule mwamvuli. Obiero akaung'ang'ania kidogo, kisha akauachia.

"Unanilowesha upande wa kulia," akasema.

Eliakim akauhamisha. Wakasimama hivyo. Mzee mmoja wa Kiswidi akamuuliza Eliakim chama chao kina sera gani ya mabasi.

"Muulize huyu," akajibu. "Mimi nashika mwamvuli tu."