Kesi ya Baba Mezani Kwetu

Ofisi yetu ya uwakili iko juu ya duka la rangi, na tangu babu aifungue, watu wa mji huu hawajawahi kusema wanakwenda kwa wakili. Wanasema wanakwenda kwa Babu. Babu alikufa, akaingia baba, naye akawa Babu. Sasa dada yangu kapata leseni, ana viatu virefu na midomo myekundu, na juzi mzee mwenye ndevu nyeupe kamwamkia, "Shikamoo, Babu." Mimi ni wa mapokezi, nilikuwa nimemtahadharisha mzee wa watu kwamba Babu leo kaamka vibaya. Sheria niliisoma nikaishia njiani. Shahada pekee niliyoimaliza ni ya kupanda ngazi za ofisi hii.

Babu wa kwanza alituachia sharti moja. Kesi yoyote, kabla haijaenda mahakamani, inasikilizwa kwanza nyumbani, vyombo vya chakula vikishaondolewa. Na pale mezani wakili hamtetei mteja wake, anamtetea adui. Babu alisema huijui kesi yako mpaka uipende ya mwenzako. Baba na dada wamebishana hivyo miaka nenda miaka rudi, tangu dada hajapata leseni, kila mmoja upande usio wake. Mama ni shahidi wa kila kitu, hata ajali ambazo hakuziona. Mimi ni hakimu, mwiko mkononi, na hukumu zangu ni za hovyo. Niliwahi kumfunga baba kifungo cha maisha kwa kumaliza sukari.

Wiki moja baba alisimama mahakamani kumtetea fundi cherehani, ambaye jirani yake kajenga ukuta ukaziba dirisha lake. Alianza vizuri. Halafu taratibu, bila hata kukwama, akahamia kwa jirani. Ukuta ni wa lazima, alisema, wezi wamezidi, na dirisha mtu anaweza kutoboa kwingine. Alitetea kwa ufundi mpaka wakili wa jirani akakosa la kuongeza. Fundi alimgeukia dada, aliyekaa kando ya baba, mdomo wazi. Dada akaomba kesi iahirishwe. Baba alikuwa amejiona yuko nyumbani, mezani.

Mji ulicheka, wakasema Babu kaja na mbinu mpya. Sisi hatukucheka. Daktari alishatuambia kwamba usahaulifu huu ukianza haurudi nyuma. Dada alitaka baba asisimame tena mahakamani, lakini nani amfunge paka kengele? Alitumwa mama akamwambie, akaishia kumuuliza kama anataka chai. Nikatumwa mimi, tukaishia kuchekana. Mwishowe baba mwenyewe, ambaye kusahau hakujamfanya mjinga, akasema kama tuna shauri naye tulilete mezani.

Sharti ni sharti. Dada, anayetaka baba aache kazi, ilibidi amtetee abaki. Baba, anayetaka kubaki, ilibidi ajishtaki.

Dada akaanza. Alisema huyu mzee hajawahi kumdharau mteja hata mmoja, hata yule mama aliyekuja kumshtaki kuku. Alisema alipofeli mtihani wa uwakili, mzee huyu alisafiri mpaka chuoni, akakaa naye kwenye ngazi za bweni bila kusema neno, mpaka alipoacha kulia. Alipofika hapo, akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Mama akamkumbusha kwamba kitambaa hicho kimefuliwa leo.

Baba akainuka. Akafunga kifungo cha koti ambalo hakuwa amelivaa.

"Mheshimiwa," akaniambia, "huyu mzee namfahamu. Ni mtu mzuri. Lakini fundi cherehani alimwamini, na yeye akamtia gizani. Sisi tuna meza ya kukosea. Fundi ana dirisha moja tu."

Akalainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. Nikadhani kapoteza alichokuwa anasema. Wala.

"Ombi la mwisho. Asiachishwe na binti yake. Binti ataubeba huo mzigo maisha yake yote. Aachishwe na mahakama."

Nilitafuta utani kila mfuko, nikakosa.

"Umeshinda, baba," nikasema.

"Tamka hukumu vizuri, wewe. Ndiyo maana hukumaliza chuo."

Basi nikaitamka vizuri. Mzee asisimame tena mahakamani kumwakilisha mtu. Mezani aendelee mpaka achoke mwenyewe. Akasema hilo la pili hakuliomba. Nikamwambia mahakama imempa. Mama akauliza kama anakata rufaa kwake. Akajibu kwamba mahakama ile anaiogopa tangu ujana.

Halafu akamvuta dada karibu. "Ya fundi uisimamie wewe, mama. Mimi nitakaa nyuma na watu. Nikisimama, huyu mwehu anivute shati."

Kesi iliporudi, alikaa kati yangu na mama, kachana nywele vizuri. Hakimu wa kweli akaita. Dada akainuka kule mbele, na hapo hapo baba naye akaanza kuinuka. Sikumvuta shati. Niliweka tu mkono juu ya goti lake. Akautazama, akaushika, akakaa. Dada akaanza kusema kuhusu mwanga, kwamba mtu anayetunga uzi kwenye sindano anahitaji kuona, na baba akawa ananiminya vidole kila dada anapofika penye hoja nzuri.

Aliniminya sana siku hiyo.