Somo la Kuunga Picha

Maji ya bomba la nyuma yalikuwa yamekatwa tena. Nzisa alijipangusa tope la Mathare miguuni kwa kipande cha gunia, akavaa viatu vya kazini, akaingia jikoni mwa chuo alikopikia chai, akawasha stovu. Usiku paa lake lilivuja upande wa kitanda, akakesha ameketi kwenye stuli, blanketi amelitia ndani ya sufuria kubwa na kulifunika ili lisilowe. Shingo ilimuuma. Alipima majani ya chai kwa kiganja, akaomba dua fupi ya asubuhi huku akipuliza moto.

Chuo chenyewe, cha kufundisha utengenezaji wa filamu, kilikuwa ghala la zamani la nguo, kando ya Barabara ya Jogoo, likapakwa chokaa na kuwekewa mapazia meusi. Juu ya mlango waliandika: WALIMU WETU WAMETOKA KAZINI, SI VITABUNI. Na kweli. Ukutani walitundikwa wote, picha zao ndani ya vioo, na chini ya kila mmoja kazi alizozifanya kabla ya kuwa mwalimu, na Nzisa ndiye aliyewafuta vumbi. Bi Warigia, mkuu wa chuo, alikuwa ametengeneza matangazo ya sabuni na filamu za kuwafundisha kina mama kuchemsha maji ya kunywa. Mzee Magan, mwalimu wa sauti, alizunguka mbugani na Wazungu miaka mingi, na wanafunzi walipenda kusema kwamba ukisikia simba akinguruma kwenye filamu za ng'ambo, huyo ni simba wa Magan. Kioo kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Mwalimu Ndambuki, mpiga picha za habari. Amebeba kamera begani, moshi nyuma yake. Yeye ndiye aliyepata tuzo.

Ndambuki alikuwa wa kwao, Mkamba wa Mwala. Alimwita Nzisa mwaitu, yaani mama yetu, ingawa walikuwa rika moja. Nzisa aliona ni heshima.

Saa nne alipeleka chai darasani. Kulikuwa giza na mashine ya kuonyeshea filamu ilikuwa ikikereza.

"Pole pole, mwaitu," sauti ya Ndambuki ikasema. "Usiguse pazia."

Akasimama nyuma na trei yake. Ukutani, kioo cha duka kilipasuka, watu wakatawanyika, vipande vikamwagika njiani. Kisha mwanamume akatokea mbio, redio begani, uso ameugeuza upande kama mtu anayejificha.

Nzisa akasogea hatua moja mbele.

Ilikuwa sweta aliyoifuma kwa mkono wake, ya mistari. Ilikuwa miguu ya Nzivo, mumewe, ule wa kushoto ukitupwa nje kidogo. Alikuwa hajamwona akienda mbio tangu mwaka wa tisini. Siku hizi alimwona ameketi, nyuma ya wavu, amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Hapa ukutani alikuwa na mwili wake wote.

Ndambuki aliizima mashine na kuwasha taa.

"Mmeona nini?"

"Mwizi!" darasa likajibu.

"Msee amejipea Krismasi mwezi wa saba," alisema Bwire, kijana wa mzaha kutoka Kaloleni. "Na redio yenyewe kama kabati!"

Wakacheka.

"Nani amewaambia ni mwizi?"

"Tumeona, Mwalimu," akasema msichana aliyeitwa Ayuma.

"Hamkuona. Mimi ndiye niliyewaambia." Ndambuki alipenda somo hili, ungemjua kwa jinsi alivyopanda kwenye ncha za viatu. "Kioo nilikipiga picha asubuhi, mjini. Huyu wa redio nilimpiga alasiri, kule Muthurwa, anakimbia moshi kama kila mtu. Mimi simjui. Redio pengine ni yake. Nilikata kipande hiki, nikakata hiki, nikaviunga kwa utepe. Sasa sikilizeni vizuri. Hii picha ni ya kweli. Na hii ni ya kweli. Uongo haumo ndani ya yoyote kati yazo. Uko hapa katikati, penye kiungo, na hapo hapana kitu mtu anaweza kukushikia."

Kalamu zikaandika.

"Na yeye alienda wapi, Mwalimu?" Ayuma akauliza.

"Nani?"

"Huyo wa redio."

"Alitoka kwenye fremu," akasema Ndambuki, na darasa likaangua kicheko.

Nzisa aliiweka trei sakafuni, akatoka.

Alikuwa hajapata kuiona picha ile. Nyumbani hawakuwa na televisheni. Waliiona majirani, kwenye baa, katika habari za jioni ya siku ile ya fujo, na wiki haikuisha kabla Nzivo hajachukuliwa. Nzivo alikuwa mchonga vinyago. Redio aliinunua mwenyewe, na alikuwa ametoka kuichukua kwa fundi kule Muthurwa wakati gesi ya machozi ilipoanza kurushwa. Fundi alipoulizwa alisema hamjui mtu huyo. Hakimu akasema mpaka televisheni imekuona, wataka nani tena akuone? Miaka saba na viboko. Kanisani mchungaji hakusema kitu, ila kina mama wa maombi waliokuwa wakija kwake Jumatano walianza kuwa na shughuli nyingine. Hakuwalaumu. Mtu akionwa na macho ya watu wengi hivyo, utawaambiaje watu wayakane macho yao?

Aliwakuta Ndambuki na Magan kwenye chumba cha walimu, wanakula mandazi.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema, mwaitu. Sukari imetuishia?"

"Yule wa redio ni bwanangu."

Magan aliacha kutafuna. Ndambuki alianza kucheka, kisha cheko likamkauka.

"Wacha mchezo."

"Anaitwa Nzivo. Yuko jela, mwaka wa tatu, kwa ile picha. Rufaa yake ni Alhamisi. Tuna wakili wa kanisa, Bwana Wasike, na kila siku ananiambia, mama, mlete mtu mmoja tu aliyemwona siku ile. Nilikuwa sina mtu. Sasa wewe njoo useme. Usiongeze neno. Yale yale uliyowaambia watoto pale ndani."

"Pale ndani ni darasa."

"Lakini ni maneno yako."

"Nenda kaseme, bwana," akasema Magan. "Utapungukiwa nini?"

Ndambuki alimgeukia. "Wewe ulirekodi simba, Magan. Simba hana mkubwa anayepiga simu." Akasukuma sahani. "Siku ile tulipigiwa simu pale kazini, tukaambiwa: Hatutaki kuona waandamanaji, tunataka kuona wezi. Na mimi nimerudi na mikebe mitatu ya filamu, watu wanapigwa rungu. Wezi nitawatoa wapi? Wenzangu waliobisha, leo wanauza mitumba. Ile kazi ndiyo iliyonipeleka kusoma ng'ambo. Ndiyo iliyo pale ukutani. Sasa nisimame kortini niseme nini, kwamba mimi ni mwongo?"

"Sikuulizi ulilolifanya," akasema Nzisa. "Hilo lina mwenyewe wa kuliuliza. Mimi naomba useme, bwanangu atoke."

Nje wanafunzi walikuwa wakigombea vikombe.

"Nitakuja," Ndambuki akasema mwishowe, akitazama meza.

"Niapie."

"Mwaitu, si nimesema?"

"Niapie kwa jina la Bwana. Mzee Magan anasikia."

Akaapa. Aliapa kwa sauti ndogo, lakini aliapa, na Nzisa aliona macho yake yamelowa. Hilo ndilo lililomfanya aamini.

Kesho yake Bi Warigia alimwita ofisini. Kwa mara ya kwanza alimwambia, "Keti, mama."

Nzisa akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu ameniambia yote. Pole sana. Kumbe tunaishi na mtu na hatujui msalaba wake." Bi Warigia alikuwa na sauti nzuri, ile ya matangazo. "Sasa sikiliza. Tuna wageni wa ng'ambo, hao waliotupa kamera mpya. Wanataka filamu moja, ya ukweli, ya mwanamke wa huku Eastlands anayetafuta haki. Tulikuwa tunahangaika tutampata wapi."

"Mimi natafuta shahidi, madamu."

"Na utampata. Yote yatakwenda pamoja."

"Alhamisi?"

"Alhamisi hiyo hiyo. Ila mama, valia nguo zako za kila siku. Usijipambe."

Nzisa alishukuru. Alipokuwa akitoka Bi Warigia alikwisha kuinua simu.

Jumatano alikwenda jela. Alipanga mstari pamoja na wanawake wenye vikapu, akafika kwenye wavu, akasema kabla hata ya salamu, "Amekubali."

Nzivo alishika wavu. "Ni mtu wa namna gani?"

"Ni wa kwetu. Wa Mwala. Ameapa."

Nzivo akauliza kama patasi zake zimepakwa mafuta zisipate kutu. Katika miaka yote hiyo hakuwa ameuliza habari ya patasi. Askari akapiga wavu kwa funguo, muda umekwisha, naye Nzivo akaondoka akitazama nyuma, anatabasamu kama bwana harusi.

Alhamisi Nzisa alifika kortini akiwa na leso ya kila siku, kama alivyoambiwa. Walikuwa wamemtangulia. Kamera ilisimama kwa miguu yake mitatu chini ya ngazi, Bwire nyuma yake, Ayuma ameshika kinasa sauti kwenye fimbo ndefu. Ndambuki alivaa suti. Alipoiona suti ile, moyo wa Nzisa ulitulia; mtu havai suti kuja kupiga picha.

"Tangulia, mwaitu. Panda ngazi bila kututazama."

Akapanda.

"Mathe, samahani," Bwire akaita. "Jua lilikuwa limejificha. Shuka, kisha upande tena."

Akashuka. Akapanda tena. Aliona hiyo ndiyo bei yake, na ni bei ndogo.

Ndani, Nzivo alikuwa kizimbani, pingu mikononi. Wakili Wasike alizungumza na jaji kwa Kiingereza. Jaji alitazama saa ya ukutani, akasema jambo, na Wasike akamjia Nzisa mbio mbio. "Amekubali kumsikia. Sasa hivi. Mwalimu yuko wapi?"

Wakatoka wote wawili. Ndambuki alikuwa palepale chini ya ngazi.

"Mwalimu, jaji anangoja," Wasike akasema.

Ndambuki alivua kofia, akaivaa tena. "Bwana wakili, nimefikiri sana. Sijalala. Nikiingia pale, watanisikia watu wangapi? Jaji na karani. Kesho nafutwa kazi, na jaji mwenyewe huenda amepigiwa simu tayari. Lakini filamu! Filamu hii itaonyeshwa ng'ambo, itaonyeshwa kila mahali. Nitayasema yote humo. Nimwombe radhi huyu mama mbele ya dunia nzima."

"Mume wake atatoka kwa filamu?"

"Filamu inafika mbali kuliko korti."

"Mwalimu," Nzisa akasema. "Ni hapo juu tu. Ni ngazi."

"Mwaitu, nielewe."

"Uliapa."

"Nami nimekuja! Kuna mwingine aliyekuja? Walio kanisani kwako wako wapi?"

Ilikuwa kweli, hakuna aliyekuja. Nzisa aligeuza uso, akakuta kamera imegeuka pamoja naye. Fimbo ya Ayuma ilikuwa imeteremka mpaka chini. Msichana alikuwa akiuma mdomo.

"Inua," Ndambuki akamwambia bila kumtazama. Ayuma akainua.

Karani alitokea mlangoni, akaita jina la Nzivo na kusema wakili anatakiwa. Wasike akakimbia. Nzisa alipoingia tena, jaji alikuwa akikusanya makaratasi yake. Rufaa ilikwisha kutupwa; mambo yenyewe hayakuchukua muda. Nzivo hakuwa na habari kwamba yamekwisha. Bado alikuwa ameukazia mlango macho, na kila ulipofunguliwa alijinyoosha kidogo, ili anayeingia amtambue. Askari alimvuta kwa pingu ndipo akajua.

Lori la magereza lilitokea ua wa nyuma. Nzisa alizunguka jengo mbio, leso ikimdondoka, akalikuta linapinda kushika barabara. Kwenye dirisha la nyavu kulikuwa na vidole vingi, hakujua vya Nzivo ni vipi, akapungia vyote. Lori likapiga honi, watu wakapisha, likaingia katikati ya magari na kupotea.

Alibaki amesimama ukingoni mwa barabara. Nyuma yake alisikia viatu vinakuja mbio, kisha miguu ya kamera ikiwekwa chini, moja, ya pili, ya tatu.

"Tumemkosa uso," Bwire akanong'ona. "Tulifika limeshapita."

Ndambuki alimsogelea akitembea taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya matanga. Aliiokota leso, akampa kwa mikono miwili.

"Mwaitu," akasema. "Niwie radhi. Simama hapo hapo ulipo. Itazame tena ile barabara, kama vile lori ndio sasa linapita."

Mkokoteni wa kuni ulipita, na mtu wa baiskeli. Nzisa hakugeuka. Alikuwa akitazama bado.

"Hivyo hivyo," Ndambuki akasema, naye amekwisha kurudi nyuma ya kamera. "Vizuri sana. Usipepese."