Malkia Azimia kwa Joto

Feni ya kupozea mashine ilipofika kiwandani, Yadelis aliitoa sandukuni mwenyewe, asimruhusu mtu kuigusa. Fundi wa mashine za barafu ni yeye, na ndiye aliyeichagua: katika bidhaa zote za muuzaji, hakuna iliyoandikiwa upepo mwingi kuliko hii.

"Bosi Eustorgio, joto limehama kiwandani kwako," alijigamba.

Jiji la Barranquilla lilikuwa likitawaza malkia wa Kanivali, kila mtaa na wake. Feni ilipofungwa kwenye mashine, wapakiaji barafu nao wakaitawaza: taji la karatasi juu, na tepe za rangi wavu mzima.

Yadelis alicheka nao, ila mawazo yake yalikuwa Jumamosi. Siku hiyo ya gwaride kubwa angecheza ngoma ya cumbia mstari wa mbele. Bosi alikuwa ametoa sharti moja: mashine ikizimika kwa joto, fundi haendi popote.

Alhamisi mchana mashine ikazimika.

"Malkia wako kazimia, Yade!" akapiga kelele Nayib, kiongozi wa wapakiaji, mdomo umejaa soseji. "Mletee maji ya ndimu!"

"Funga bakuli lako! Nimempima mimi, uani na hapa pia."

"Ulimpima wapi? Kiunoni?"

Watu wakaangua kicheko. Bosi hakucheka. "Hiyo sketi ya cumbia itundike, mwanangu."

Yadelis akawasha feni tu, mashine ipoe, akasimama mbele ya feni mikono kiunoni, tayari kuitukana. Badala yake akainama kutazama. Tepe za pembeni zilipepea kwa madaha kumwelekea. Za katikati zilikuwa zimenyonywa, zimenata kwenye wavu.

Akachukua kipima upepo. Safari hii hakukiweka karibu na ncha za mapanga tu, pale upepo ulipompendeza. Alikisogeza hatua kwa hatua, uso wote wa feni. Pembeni, upepo tele. Katikati, hewa ilikuwa ikirudi ndani.

Akaelewa, na masikio yakamwaka kwa aibu. Vibati vya kupozea vya mashine ile vimebanana kama meno ya kitana. Feni ilivuma sana uani, penye uwazi. Hapa, ikilazimika kuvuta hewa katikati ya vibati, ilishindwa, ikabaki kuzungusha joto lilelile.

"Nayib," akasema kwa sauti ndogo, "nisaidie kumvua malkia taji."

"Sema tena, bosi asikie."

"Nimekosea kuchagua! Umeridhika? Shika spana!"

Stoo kulikuwa na feni nyingine, fupi, mapanga mapana yaliyoinama sana, sura kama chura. Karatasi yake ilionyesha upepo mdogo penye uwazi, lakini penye kizuizi haikutetereka. Wakaifunga mahali pa ile kubwa, tepe wakazihamishia wavuni mwake, kisha wakakata bati la bango la zamani, wakaliziba pengo lililobaki kuizunguka.

Ijumaa nzima mashine ilinguruma bila kukatika. Jioni Bosi Eustorgio akapitisha kiganja mbele ya tepe. Zote zilikuwa zikipepea kwa nje, hata za katikati.

"Sketi hiyo imepigwa pasi?"

"Tangu Jumatatu, bosi."

"Basi nenda zako kabla sijabadili mawazo."

Mlangoni Yadelis akageuka. Nayib alikuwa juu ya ngazi, akimvisha chura taji. Ile feni kubwa wameiweka mahali pao pa kulia chakula, na ilikuwa imewapeperushia kofia zote mpaka barabarani.

"Mmeona?" akawapigia kelele. "Nilisema ana upepo!"